Rubani wa Ndege wa Jeshi la Majini

Mwaka 1916, Ziwa Tanganyika lilirukiwa na ndege nne za kivita za kutua majini aina ya Short 827. Zilikuwa za jeshi la majini la Uingereza, lakini waliozirusha kwenda kuipiga Kigoma mabomu ni Wabelgiji wa jeshi la nchi kavu. Hao walikuwa marubani wa ndege *za* jeshi la majini. Rubani wa ndege *wa* jeshi la majini ni mwingine: jeshi hilo ndilo lililomwajiri, na ndilo linalompandisha cheo.

Neno "ndege" nalo lisiachwe na mfasiri wa jina hili la kazi. Bandarini, rubani ni anayeongoza meli hadi gatini, hivyo "rubani wa jeshi la majini" humchanganya msomaji wa pwani.

Marubani wa ndege wa jeshi la majini la Uingereza walifika Rufiji mwaka 1915. Wakiongozwa na John Cull, waliisaka manowari ya Kijerumani Königsberg, na Julai 11 waliwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Kiingereza Severn na Mersey mpaka ikaangamia. Kazi ilikuwa ya angani, ila ngazi ya vyeo ilikuwa ya jeshi la majini.

Sheria ndiyo iliyoikata ngazi hiyo. Bunge la Uingereza liliipitisha Novemba 1917, na kuanzia Aprili 1, 1918 marubani wa majini na wa nchi kavu wakaunganishwa katika jeshi jipya la anga. Kwa waliohamishwa, njia ya kufikia ukuu wa meli ilifungwa. Jeshi la majini nalo likabaki na maofisa wakubwa wachache waliozijua ndege, na usimamizi kamili wa ndege za melini haukulirudia hadi 1939. Marekani ilipita njia nyingine: sheria ya 1926 iliagiza meli za kubeba ndege ziongozwe na maofisa marubani au waangalizi wa angani, hivyo kurusha ndege kukawa njia ya kufikia ukuu wa meli.

Kwa hiyo mfasiri asiangalie ndege imetua wapi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lina Kamandi ya Jeshi la Anga na Kamandi ya Jeshi la Majini. Helikopta ikitua juu ya meli, aulize kwanza jina la rubani limo katika orodha ya kamandi ipi.