Toroli Chini ya Mwembe

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kwetu Bagamoyo Jumamosi moja asubuhi, mizani yake ya kuning'iniza ikiwa begani. Hakuzitazama sufuria zilizotoboka wala baiskeli iliyokufa. Alikwenda moja kwa moja chini ya mwembe, mahali zilipo ekseli mbili za toroli, kila moja na magurudumu yake mawili madogo ya chuma. Marehemu babu alizilazia ubao zikawa benchi. Sote tumekulia juu ya benchi lile.

Baba mdogo alikuwa tayari kuuza. Paa la jikoni linavuja, na kumbukumbu haziezeki nyumba. Nilimwomba anipe wiki moja.

"Wiki ya nini, mwanangu?"

"Nataka kusoma kilichoandikwa, baba."

Kwenye kile kichuma kinachoshika ncha ya ekseli, chini ya kutu na mavi ya kuku, nilikuwa nimeona herufi zilizoinuka. Nilizisugua kwa brashi ya waya mpaka zikatoka: ORENSTEIN & KOPPEL, BERLIN.

Benno Orenstein na Arthur Koppel walianzisha kampuni yao Berlin mwaka 1876. Utajiri wao ulitokana na kitu kidogo: reli nyepesi ya shambani na magari yake. Vipande vya reli vilikuja vimekwisha kufungwa kwenye mataruma ya chuma, mfano wa ngazi fupi. Watu wachache walikibeba kipande, wakakilaza chini, wakakiunganisha na kingine, na kazi ikihama waliing'oa njia nzima na kuihamisha. Upana kati ya reli na reli mara nyingi ulikuwa sentimita 60 tu. Wateja walikuwa wenye migodi, wenye mashamba, wachoma matofali na majeshi. Mwaka 1885 wawili hao waligawana dunia: Orenstein akabaki na soko la Ujerumani, Koppel akachukua nchi za nje. Baadaye walijenga pia injini za moshi, katika kiwanda cha Drewitz karibu na Potsdam, na mwaka 1909, Koppel akiwa amekwisha kufa, kampuni ziliungana tena.

Lakini toroli ilitafuta nini Bagamoyo, mji ambao treni haikufika? Huu ulikuwa mji wa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitoka Tabora wakatembea miezi miwili au mitatu, kila mmoja na mzigo wa zaidi ya kilo 30, mpaka wakaiona bahari. Wajerumani walianza kutawala kutokea hapa, kisha mwaka 1891 wakahamishia makao yao Dar es Salaam kwa ajili ya bandari yake yenye kina. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilipita Ruvu, kusini kwetu, ikauacha mji wa Bagamoyo na soko lake la pembe za ndovu vikinyauka polepole.

Kwa hiyo nilipokuwa mdogo niliamini kwamba reli ilitupita. Herufi zile zilinionyesha kwamba ilikuja, ila ilikuja kwa mlango wa shambani.

Mlango huo ulikuwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea pwani na bara. Sasa, jani la mkonge ni zito na limejaa maji. Likishapita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, nyuzi zinazobaki ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Maana yake, ili kupata tani moja ya nyuzi, lazima usafirishe tani kama 25 za majani kutoka shambani hadi kiwandani, tena upesi kabla hayajakauka. Hakuna mgongo wala punda wa kuiweza kazi hiyo kila siku. Toroli za reli nyepesi ziliiweza.

Babu alizisukuma miaka ya 1950. Alitoka Tabora akiwa kijana, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba anayejulikana kwa namba yake. Alitusimulia kwamba babu yake yeye aliwahi kuja pwani na pembe begani. Mzee yule alitembea. Babu alipanda treni mpaka Ruvu, halafu lori, na kesho yake alfajiri alikuwa amesimama nyuma ya toroli iliyojaa majani. Injini ndogo ilikuwepo, lakini ilivuta kwenye njia kuu ya shamba tu. Huko kwenye vipande vya mbali, mikono ndiyo iliyosukuma. Siku ya kazi ikikamilika, msimamizi aliweka alama kwenye kipande chake, na alama 30 ndizo zilizofanya mshahara mmoja.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba reli ilimpumzisha mpagazi. Mzigo ulitoka begani kweli, lakini mtu alibaki palepale, safari hii nyuma ya chuma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waling'oa reli nyepesi za mashamba ya kaskazini wakajenga njia ya toroli kutoka Mombo hadi Handeni, na huko pia watu ndio walioyasukuma magari. Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kampuni ya Koppel ilijenga reli ya Otavi kati ya 1903 na 1906, na wafungwa wa Kiherero, wanawake na watoto wakiwemo, walilazimishwa kufanya kazi kwenye njia ile wakati taifa lao likiangamizwa.

Nilidhani hadithi ya herufi zile ingeishia hapo, nami ningeziuza bila huzuni. Kumbe Orenstein na Koppel walikuwa Wayahudi. Benno Orenstein alifariki mwaka 1926. Wanazi walipotawala, ukoo wake ulinyang'anywa kampuni, na mwaka 1940 hata jina likafutwa, pakawekwa jingine lisilotaja mtu yeyote. Baada ya vita jina lilirudishwa, likadumu hasa kwenye mashine za kuchimbia udongo. Chuma kilichokuwa chini ya mwembe wetu kilikuwa kimelihifadhi muda wote ule, kuku wakilala juu yake.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza baba mdogo haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameketi kwenye benchi lenyewe. Kisha akaniuliza:

"Jina la tajiri lilifutwa, wenyewe wakalirudisha. La baba yangu limeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Shamba lilikufa baada ya nyuzi za plastiki kuangusha bei ya mkonge. Kipande cha babu kililiwa na mchwa. Hata kwenye kipande, kilichowahusu wakubwa kilikuwa namba.

Mnunuzi alirudi adhuhuri. Tuliuza ekseli moja, ile isiyo na maandishi, na fedha zake zikanunua mabati matatu. Ya pili tuliiacha. Jioni baba mdogo alileta kopo la rangi nyeupe iliyobaki kwenye milango, akachonga kijiti cha muarubaini kikawa kalamu, akapiga magoti. Aliandika pole pole jina la babu, yote matatu, kwenye chuma pembeni ya neno BERLIN. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, akaimalizia kwenye gurudumu.