Klima katika gari la zamani: historia ya joto, vumbi na barabara yetu



Katika garaji zetu, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, kuna ubishi usioisha. Mtu ana gari la zamani, tuseme Carina, Hiace au Land Cruiser ambayo imezidi miaka 30. Amepata pesa kidogo. Je, atengeneze klima, ile ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kiyoyozi, au aiache ilivyo? Wa kwanza anasema gari bila klima huku kwetu ni tanuri. Wa pili anajibu kwamba kuweka klima kwenye injini iliyochoka ni kumbebesha mgonjwa gunia.

Huko Ulaya na Marekani ubishi huo ni wa matajiri wenye magari ya kumbukumbu, wanaoyatoa siku ya Jumapili. Kwetu gari la zamani ndilo linalobeba samaki, mihogo, wanafunzi, wagonjwa na maiti. Ndiyo sababu jibu letu haliwezi kuwa sawa na lao. Ili tulipate, turudi nyuma kidogo.

Magari yaliyopozwa na upepo

Klima ya gari si kitu cha jana. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alitengeneza mtambo wa kupoza na kukausha hewa kwa ajili ya kiwanda cha kuchapisha huko Brooklyn. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Packard ikawa ya kwanza kuuza magari yenye mtambo huo. Ulikuwa mkubwa hata ukala sehemu ya buti, na shofere aliyetaka kuuzima alilazimika kusimama, afungue boneti, atoe mkanda kwa mkono. Wateja hawakuupenda, na baada ya miaka michache Packard wakauacha.

Magari yaliyofika huku wakati wa Wabelgiji, na katika miaka ya kwanza ya uhuru wa 1960, hayakuwa na klima. Hata bwana mkubwa wa serikali aliyetoka Usumbura (leo Bujumbura) kuja Uvira alitokwa jasho kama karani wake. Tofauti ni kwamba watengenezaji wa magari hayo walilifikiria joto. Land Rover, iliyoanza mwaka 1948, iliwekewa vifuniko chini ya kioo cha mbele ambavyo ukivifungua upepo unaingia moja kwa moja. Ile iliyouzwa kwa nchi za joto iliweza kuwa na paa mbili, moja juu ya nyingine, na hewa ikapita katikati ili jua lisichome vichwa vya abiria. Volkswagen ya kobe na Land Cruiser za zamani zilikuwa na kioo kidogo cha pembetatu mlangoni. Ukikigeuza kidogo, upepo unakuja usoni.

Kwa ufupi, klima ya magari hayo ilikuwa mwendo wake. Gari likienda kilometa 50 au 60 kwa saa, upepo wa Tanganyika unaingia na abiria anapumua. Na ili gari liende hivyo, barabara lazima iwe nzima.

Barabara ilipokufa

Wazee wetu wanakumbuka kwamba barabara ya bonde ilitunzwa. Tusiipambe historia: wakati wa Wabelgiji kazi ya kufukia mashimo ilikuwa mara nyingi ya lazima, na aliyekataa aliadhibiwa. Lori zilihitaji kutoa pamba ya bondeni, na baadaye miwa na sukari ya Kiliba. Barabara ilikuwa kwa ajili ya mazao kwanza, watu baadaye. Lakini ilipitika.

Kisha yakaja mambo mengi mfululizo. Mwaka 1964 waasi waliingia Uvira na vita vikaenea hadi milima ya Fizi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa Wazaire. Maduka mengi ya vipuri yaliyokuwa mikononi mwa wageni yalibadilisha wenyewe, na mengine yakafungwa. Hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza kazi ambayo wanaifanya hadi leo: kufungua gari moja ili lingine liishi. Oktoba 1996 vita vikafika tena Uvira, kiwanda cha Kiliba kikasimama, na Agosti 1998 vikaanza vingine.

Barabara hiyo, ambayo leo tunaiita RN5, ililipa gharama ya yote hayo. Kutoka Uvira kupita Runingu, Sange, Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola, pale ambapo hakuna lami gari hutambaa kati ya mashimo. Likitambaa, upepo unakosekana. Kiangazi kikifika, kuanzia Juni, lori moja likipita mbele yako vumbi linakuja kama ukuta. Abiria anabaki na njia mbili, na zote mbaya: afungue kioo ale vumbi, au afunge kioo aokwe. Mama anamfunika mtoto kwa kitenge, naye mtoto analia kwa joto.

Kwa hiyo gari lenyewe halikubadilika. Lilitengenezwa kwa barabara yenye upepo, nasi tumelipeleka kwenye barabara isiyo na upepo. Huo ndio mwanzo wa kiu yetu ya klima.

Gari nyeupe zenye vioo vilivyofungwa

Kuna jambo la pili. Kuanzia mwaka 1993, wakimbizi wa Burundi walipovuka Ruzizi, na mwaka 1994 wakafuata wale wa Rwanda, bonde letu lilijaa kambi. Pamoja nazo yakaja mashirika na Land Cruiser nyeupe. Baadaye yakaja magari ya Umoja wa Mataifa, ambayo tuliyaona kwa miaka mingi hadi MONUSCO ilipoondoka Kivu ya Kusini katikati ya mwaka 2024.

Wengi wetu ni hapo tulipoanza kuiona klima kila siku. Gari linapita, vioo vimefungwa, walio ndani wamevaa mashati yasiyo na jasho. Sisi nje tunabaki na vumbi la magurudumu yao. Klima ikageuka kuwa alama ya cheo. Hadi leo kuna mtu ambaye klima yake imekufa zamani lakini anafunga vioo akipita sokoni, ili watu wadhani inafanya kazi. Anateseka kwa ajili ya heshima.

Hatusemi kwamba wafanyakazi hao walikosea kujikinga na joto. Tunasema kioo kilichofungwa kina bei yake: aliye ndani hasikii. Shofere wa zamani wa Hiace, kioo chini, kiwiko nje, alisalimia kila kijiji, akaambiwa kama mto umefurika au kama kuna hatari mbele. Katika eneo letu habari kama hiyo imeokoa watu.

Gesi iliyokatazwa

Twende sasa kwa fundi. Klima ina pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Pampu inasukuma gesi hadi kwenye kipozeo kilicho mbele ya radiatere, gesi inatoa joto lake pale, kisha inarudi ikiwa baridi kupoza hewa ya ndani.

Magari ya kabla ya miaka ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R-12. Wataalamu waligundua kwamba gesi za aina hiyo zinaharibu ozoni, tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 nchi zikatia saini Mkataba wa Montreal, na R-12 ikaanza kuondolewa. Magari mapya yakahamia R-134a. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwishoni mwa mwaka 1995, na nchi kama yetu zikapewa hadi mwaka 2010.

Maana yake ni nini kwa mwenye gari la mwaka 1988? Gesi ya asili ya gari lake haipo tena. Anaweza kuhamia R-134a, lakini lazima abadilishe oili ya pampu, mipira ya kuzuia uvujaji na sehemu za kujazia. Ukijaza gesi mpya juu ya oili ya zamani, pampu haitadumu. Na tahadhari kwa wote: kuna mahali watu hujaza gesi ya kupikia ndani ya klima kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ni kweli inapoza. Ni kweli pia inawaka. Sisi ambao tunakumbuka Sange, usiku wa tarehe 2 Julai 2010, pale lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua zaidi ya watu 200, hatuhitaji kufundishwa moto ni kitu gani.

Mlima hauna huruma

Kutoka ziwani, ambapo maji yako mita 773 juu ya usawa wa bahari, hadi Bukavu, yenye mita kama 1,500, gari linapanda sana, na sehemu ngumu ni mlima wa Ngomo baada ya Kamanyola. Huko klima inakuwa adui. Pampu yake inakula nguvu ya injini, na kipozeo chake kinapeleka hewa ya moto kwenye radiatere. Injini changa inavumilia. Injini ya zamani, yenye radiatere iliyojaa matope, inachemka.

Mashofere wazoefu wanajua: kabla ya kupanda, zima klima. Sindano ya joto ikiendelea kupanda, fungua shofaji, yaani hewa ya moto, hata kama abiria watalalamika, kwa sababu inatoa joto kwenye injini. Isipotosha, simama, na usifungue kifuniko cha radiatere wakati maji yanachemka.

Kwa hiyo pesa ikiwa kidogo, mpango ni huu: breki kwanza, kisha tairi, kisha radiatere na mipira yake ya maji, kisha vioo ambavyo vinashuka na kupanda vizuri. Klima inakuja ya tano.

Ni lini klima ni ya lazima?

Hata hivyo, tusimcheke anayeitaka. Gari lililofungwa na kusimama juani linaweza kupanda nyuzi 10 za joto ndani ya dakika 10 tu. Mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee wa presha na mgonjwa wa kipindupindu aliyepoteza maji hawavumilii joto kama kijana. Gari la kubeba wagonjwa, hata likiwa la zamani, linahitaji klima inayofanya kazi. Hiyo si anasa.

Tuliliona jambo hili katika safari za kukimbia. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, na Desemba mwaka huohuo, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia Uvira, maelfu walielekea Burundi. Wengi walikwenda kwa miguu. Waliobahatika waliingia katika magari yaleyale ya zamani, watu wakibanana, magodoro juu ya paa. Siku hizo hakuna aliyeuliza kama gari lina klima. Swali lilikuwa: je, litawaka? Magari ambayo wenyewe walikuwa wametunza betri, radiatere na breki yaliokoa familia nzima. Mengine yalibaki yamesimama nyumbani.

Ninyi mlio kambini, ambao gari lenu liliachwa nyuma au limepotea, tunajua kwamba maneno haya yanauma. Gari hilo lilikuwa ada ya watoto na chakula cha jioni. Ikiwa bado mna karata rose na funguo, vitunzeni pamoja na vitambulisho vyenu. Vinaweza kusaidia siku ya kudai mali yenu.

Jibu letu

Je, klima ina maana katika gari la zamani? Kwa gari la wagonjwa, ndiyo. Kwa gari la abiria katika bonde letu, ina maana baada ya vitu vinne vile vingine kuwa sawa. Lakini historia inatuonyesha kwamba swali kubwa ni barabara. Mkitupa lami kutoka Kavimvira hadi Kamanyola, na ikatunzwa, vumbi litapungua, gari litapata mwendo, kioo kitashushwa na upepo wa ziwa utaingia bure, kwa tajiri na kwa maskini. Wanaokuja kutuomba kura waulizwe hilo kwanza.