Kauli ya Kutendwa na Magari ya Kilwa

Tangu George Orwell alipoandika mwaka 1946 kwamba kauli ya kutendwa isitumike pale ambapo ya kutenda inawezekana, walimu wengi wa Kiingereza wamelikariri katazo hilo kama amri. Hoja yao ni moja: kauli hii humficha mtenda. Hawasemi kwamba insha yenyewe ya Orwell imejaa kauli hiyohiyo. Mwanaisimu Geoffrey Pullum amekwisha kuonyesha kwamba wengi wanaoilaani hawaitambui hata wakiiona, na hapo sina la kuongeza. Ninachokipinga ni dai lenyewe la kuficha, na ushahidi wangu unatoka Kilwa, mji wa Haut-Katanga ulio kando ya Ziwa Mweru.

Oktoba 2004, baada ya kikundi kidogo cha waasi kuuteka mji huo, jeshi la Kongo lilikwenda kuurudisha mikononi mwa serikali. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ulihesabu watu wasiopungua 73 waliouawa. Wanajeshi walikuwa wametumia magari ya Anvil Mining, kampuni iliyochimba shaba na fedha huko Dikulushi, yapata kilomita 50 kutoka hapo. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba vyombo vyake vilichukuliwa na jeshi kwa amri. Tuuweke utetezi huo katika Kiingereza cha darasani: “The vehicles were requisitioned by the army.” Kanuni zote zimetimia: kitendwa kimetangulia, kikafuata “be” cha wakati uliopita, kisha umbo la tatu la kitenzi, mwishoni “by” na mtenda. Aliyefichwa hayupo. Jeshi limetajwa waziwazi, na kule kutajwa ndiko kunakoitua kampuni mzigo. Sasa tuandike: “The vehicles were supplied by the company.” Muundo haukuguswa, ila lawama imehama. Kilichoihamisha ni kitenzi kilichochaguliwa, pamoja na yule aliyewekwa baada ya “by”. Ukiigeuza ile ya kwanza kuwa kauli ya kutenda, “The army requisitioned the vehicles”, utetezi unabaki palepale. Tena mkuu wa kampuni, alipohojiwa na televisheni ya Australia mwaka 2005, alisema kwa kauli ya kutenda kabisa kwamba waliwasaidia wanajeshi kufika Kilwa, na kwamba yaliyotendwa huko hayakuwahusu. Kwa kipimo cha Orwell, huo ni ufasaha usio na dosari.

Nitajibiwa kwamba nimechagua sentensi zenye “by”, ilhali Kiingereza huruhusu kuiacha: “Seventy-three people were killed.” Ni kweli, muuaji hakutajwa. Lakini umbo hilo linakiri kwamba yupo, kwa kuwa hakuna kuuawa pasipo muuaji, na msomaji anabaki na haki ya kuuliza ni nani. Linganisha na “Seventy-three people died”. Hiyo ni kauli ya kutenda, fupi, safi, inayokubalika na kila kitabu cha mtindo. Nayo ndiyo inayofuta uhalifu wote, kana kwamba watu wale walipatwa na homa. Kiswahili kinalionyesha jambo hili vizuri zaidi. “Nyumba iliungua” haina mtu nyuma yake. “Nyumba ilichomwa” inaye. Na “mama alichomewa nyumba” inamleta mbele aliyedhurika, jambo ambalo Kiingereza hulifikia kwa kuzunguka, “she had her house burned”. Mfano mmoja hautoshi kuweka kanuni ya lugha nzima, lakini unatosha kuivunja kanuni inayodai kutokuwa na kighairi.

Juni 2007 mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi watatu wa kampuni walioshtakiwa kwa kusaidia uhalifu. Miaka kumi baadaye ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ulioitia hatiani dola ya Kongo na kuwapa waathirika fidia ya dola milioni 2.5. Mwalimu wa Kiingereza wa Lubumbashi na asiwakataze wanafunzi kauli ya kutendwa. Awape sentensi za kesi hii, awaulize kitenzi kipi kimechaguliwa, na na nani.