Mbu wa Mtungini

Kabla gesi ya Madimba haijaanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015, Mtwara ilikuwa imekwisha kuipa dunia kitu kingine: neno. Chikungunya ni Kimakonde. Linatokana na kitenzi cha kujikunja, jinsi mgonjwa anavyojikunja viungo vikimuuma.

Neno hilo liliingia vitabuni kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, homa ilipozuka huko mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden, mtafiti wa virusi kutoka Entebbe, akafuatilia ilivyoenea. Ripoti zao zilitoka mwaka 1955.

Siri ilikuwa ndani ya nyumba. Ardhi ya uwanda ule ni kichanga, mvua hunywewa papo hapo, na mto hakuna. Kina mama walishuka bondeni kuteka maji, wakapanda nayo kichwani. Maji ya jasho namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yalikaa mtungini siku nyingi. Ukiinua kifuniko na kutia kata, viluwiluwi hujipinda na kuzama chini. Wakikua ndio mbu Aedes aegypti, mwenezaji wa homa hiyo: mweusi, miguu ina mabaka meupe, huuma mchana kweupe, na akipungwa na huyu humhamia yule. Mwaka 2004, wakati wa ukame, hadithi ikajirudia Lamu, tena kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Kutoka hapo ugonjwa ukavuka hadi Komoro na Réunion.

Katika masimulizi hayo yote mbu alihesabiwa kama chombo tu cha kubebea virusi. Alionewa. Ana ubongo, nao hukumbuka.

Kumbukumbu hiyo inahitaji dopamini, kemikali ambayo neva moja huimwaga ili nyingine iipokee. Dopamini hubisha hodi, haiingii. Kipokezi, protini iliyojikita kwenye utando wa seli, ndicho kinachopeleka habari ndani. Vipo vipokezi vinavyoichangamsha seli na vipo vinavyoituliza; kile kiitwacho DOP1 ni cha kuchangamsha.

Mwaka 2018 Clément Vinauger, Jeffrey Riffell na wenzao walichapisha jaribio walilolifanya Marekani. Mbu alinusishwa harufu ya mtu huku chombo alimofungiwa kikitikiswa, kuigiza kofi lililomkosa. Saa 24 baadaye aliikwepa harufu hiyo, karibu kama anavyokwepa dawa ya kujipaka ya DEET. Harufu ya panya pia alijifunza kuiepuka. Ya kuku, hata baada ya kutikiswa, hakujifunza.

Kisha wakachukuliwa mbu ambao DOP1 yao imezimwa. Harufu ileile, mtikiso uleule. Kesho yake hawakuikwepa, kana kwamba hakuna mkono uliowahi kuwapunga.