Akina Mukasa Watatu



Ndugu wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Mwese si ajabu kukuta akina Yohane watatu, nasi huwatofautisha kwa majina ya baba zao. Ndivyo ilivyo pia kati ya Mashahidi 22 wa Uganda: watatu wao waliitwa Mukasa.

Wa kwanza ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana watumishi wa ikulu. Alimkanya Kabaka Mwanga kwa kumwua Askofu Mwanglikana James Hannington, tena akawakinga vijana hao na uovu wa mfalme. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885.

Wa pili, Adolfu Mukasa Ludigo, asili yake haikuwa Buganda bali upande wa Bunyoro na Toro. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Wa tatu, Mukasa Kiriwawanvu, alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi na mwenzake Gyavira. Hivyo hakuwapo Karoli Lwanga alipowabatiza wakatekumeni wenzake. Wagomvi hao wawili walipatana walipokuwa wakipelekwa kufa, wakateketea siku ile ile ya Juni. Damu yake ikawa ubatizo wake. Ndiyo maana tunamtaja bila jina la ubatizo.

Na jina Mukasa lilitoka wapi? Kwa Waganda lilikuwa jina la mungu wa ziwa, aliyeabudiwa katika visiwa vya Ssese. Tusishangae. Dionisi wa Areopago, aliyeamini Mtakatifu Paulo alipohubiri Athene (Mdo 17:34), aliitwa kwa jina lililotokana na Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki. Jina hilo hilo alilichukua shahidi kijana wa Uganda, Dionisi Ssebuggwawo. Hata mkoa wetu wa Katavi, husimuliwa kuwa umepata jina lake kwa mzimu Katabi.

Basi, wazazi wapendwa, msiyaonee haya majina ya mababu, wala msidhani kwamba jina la mtakatifu peke yake litamlea mtoto. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, jina la Mukasa liliingia mara tatu katika orodha ya watakatifu. Halikuwatakasa wao, wao ndio waliolitakasa, mmoja kwa kukemea uovu, mwingine kwa kudumu ugenini, mwingine kwa kupatana na adui yake.

Je, jina lako unalitakasa kwa lipi?