Chambo hakiachi mfupa

Nilikuwa nyumbani Pemba kwa siku nne, na nimerudi na deni. Deni lenyewe ni la babu.

Nilipokuwa mdogo babu alinifundisha kuvua visamaki kwenye kijito cha bondeni, kando ya mashamba ya mpunga. Chambo chetu hakikugharimu kitu: donge la unga wa ngano lililobaki jikoni kwa bibi. Siku ya kukosa unga tulifukua nyungunyungu. Baharini mambo yalikuwa mengine. Kwenye dema alitia mwani au chaza waliopondwa, kwenye mshipi alitia vipande vya ngisi au dagaa. Kila samaki na chambo chake, na yote alikuwa nayo kichwani. Mimi nilisikiliza nusu, nusu nyingine nikiwaza mpira.

Safari hii nikamuuliza: babu, dema la tasi ulikuwa ukitia mwani gani? Akanitazama, akatabasamu, akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Hapo ndipo nilipojua nimechelewa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimekwenda soko la samaki la Tumbe mara kadhaa na daftari langu. Nimeuliza bei, mashine za boti, nyavu. Chambo sijawahi kuuliza hata siku moja. Na nilipoanza kusoma nikagundua kumbe wenzangu nao hawakuuliza, tena kwa miaka karibu 2,000!

Katikati ya karne ya 1 mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari uitwao Periplus of the Erythraean Sea. Anataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wanahistoria wengine wanasema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Anasema watu wa huko walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa, na walitega vikapu kwenye midomo ya mikondo ya maji. Ukisoma utalikumbuka dema mara moja. Lakini kuhusu chambo, kimya.

Tukaja kwa wachimbaji. Hapo hapo Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamepachimba. Mwaka 2015 Fleisher na wenzake walichapisha makala wakiuliza Waswahili walianza lini hasa kuwa watu wa bahari. Sehemu kubwa ya hoja yao inatokana na mifupa ya samaki: katika vijiji vya mwanzo ni samaki wa karibu, wa matumbawe na maji mafupi, na wale wa maji makuu wanaongezeka baadaye.

Mfupa unaweza kukaa ardhini miaka 1,000. Donge la unga halimalizi saa moja majini. Kwa hiyo historia inamjua samaki, inaijua ndoana, lakini haimjui mama aliyetoka na ndoo maji ya bamvua yakikauka, akaokota chaza ili mumewe apate cha kutegea. Nusu ya uvuvi ilianzia jikoni na ufukweni, mikononi mwa wanawake na watoto, na nusu hiyo haikuandikwa.

Tusidhani ni ushamba wa kwetu. Uingereza wavuvi wa mitoni na mabwawani hutia ndoanani mkate, mahindi ya kopo na hata nyama ya kopo kutoka supamaketi. Tofauti ni kwamba wao wana vitabu na majarida ya kueleza kila punje. Na kwenye Ziwa Victoria, baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, vifaranga vya kambare vilikuja kuwa chambo cha kununuliwa, hata wafugaji wakavizalisha kwa ajili hiyo. Kitu cha bure kikawa biashara. Lakini kila biashara ilianza na mtu aliyejua samaki fulani anapenda nini.

Siku ya kuondoka nilimwachia babu donge la unga mkononi, kwa kujaribu tu. Hakusema neno. Vidole vyake vikaanza kulifinyanga, vikakata vipunje vidogo vidogo, sawasawa, kama vile tuko kijitoni.

Nikatoa daftari nikaandika. Mwani wa tasi bado siujui. Wewe ambaye wako bado anakukumbuka jina, muulize leo.