Picha za nyumbani: yale wazazi wetu walipiga mbele ya vita



Katika toleo hili tunaomba ruhusa ya kuacha kidogo habari za mbegu, mabati na mikopo ya wamama, tuzungumze juu ya picha. Si zile za magazeti. Tunasema zile za nyumbani: baba amesimama mlangoni na redio mkononi, mama amefunga kitenge kipya cha Noeli, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kuna sababu ya kuleta habari hii sasa. Mfadhili mmoja alituuliza kwa nini ndani ya bajeti yetu kuna mstari wa karatasi na wino wa kuchapa picha, wakati watu wako na njaa. Ni swali zuri, na jibu lake ni refu kuliko nafasi tuliyopewa kwenye ripoti.

Kazi yetu ni kuzunguka vijiji vya kando ya ziwa, toka Baraka kwenda Fizi, kuandika familia zilizorudi kutoka Tanzania. Karibu kila nyumba, tukimaliza maswali ya fomu, mzee anamwambia mtoto: leta ile bahasha. Ndani kuna picha tatu ao nne, moja imekatika, ingine imeshikana na mwenzake. Njo hapo mazungumzo ya kweli yanaanza, na kalamu zetu zinarudi mfukoni.

Picha ilifika Kongo mikononi mwa wageni, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kutoa ushahidi. Mei 1904, kule Baringa upande wa Ekwateri, mwanaume mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Waprotestanti akibeba mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa Abir, kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha Nsala amekaa kwenye baraza, anavitazama vile vipande viwili vya mtoto wake. Mama huyu hakuwa mpiga picha wa kazi. Alikuwa tu mtu aliyekuwa na aparei. Picha zake zilizungushwa Uingereza na Marekani, zikaonyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano ya watu wengi. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kitabu kidogo ambamo Mfalme Leopold anailalamikia Kodak, kwamba ndiyo shahidi mmoja aliyeshindwa kumhonga. Mwaka 1908 mfalme aliachilia Kongo, serikali ya Ubelgiji ikaichukua.

Kwa hiyo picha ilisaidia, hatukatai. Lakini tangu siku zile dunia ilizoea kumuona Mkongo akiwa na maumivu tu. Ukitafuta leo picha za watu wa kwetu za miaka ya vita, utaona misururu ya watu wenye magodoro kichwani, na uso wa mtoto analia. Jina lake halipo.

Wazazi na babu zetu walikuwa na mawazo mengine juu ya picha. Angalia za makarani wa miaka ya 1950. Ni wakati Wabelgiji walikuwa wakitoa kadi ya sifa ya uraia, iliyoanza 1948, na kisha ule uandikishaji wa 1952 wa watu waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mtu aliyeomba alitembelewa nyumbani, wakaguzi wakaangalia mezani, jikoni, mpaka namna watoto wanavyokula. Basi katika picha utaona kitambaa cheupe mezani, baiskeli imeegemezwa ukutani, kalamu mbili katika mfuko wa shati. Ao utaona biro yenyewe: mashini ya kuandika, kashe, rundo la mabuku, na karani amekaa wima kama mwenye nchi. Vijana wengine wanacheka, eti wazee walikuwa wanaiga Wazungu. Sisi hatucheki. Mtu ambaye kila siku anaandikwa na wengine, siku moja alichagua mwenyewe atakavyoonekana.

Nyuma, wakati wa Zaïre, aparei iliingia mikononi mwa watu wetu zaidi: mwalimu, muuguzi wa dispensari, fundi wa misheni. Hawakuwa na studio. Walikuwa na filmi moja ya picha 36, na filmi ilikuwa ghali, kwa hiyo iliweza kukaa ndani ya aparei nusu mwaka kabla ya kuisha. Ubatizo, kilio, Noeli, mechi ya shule, mgeni kutoka Kalemie, vyote vilipangana katika ukanda mmoja. Kisha mtu anayesafiri kwenda Bukavu ao Bujumbura anapewa filmi aipeleke kusafishwa, na kijiji kizima kinamngojea arudi. Tunawaambia wanachama: kama muko na negatifu, musizikate, hata kama picha yenyewe mulishaipata. Ule mpangilio njo kalenda. Familia moja ilikuwa inabishana kama babu alikufa mbele ao nyuma ya ndoa ya binti yake wa kwanza; negatifu ilimuonyesha mzee akiwa hai, amekaa kando ya keki.

Nguo pia zinasema mwaka. Jina la Zaïre lilitangazwa tarehe 27 Oktoba 1971, na katika miaka ile tai ikakatazwa, wanaume wakavaa abacost. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alifungua mlango wa vyama vingi, na tai ikarudi. Kwa hiyo baba akiwa na tai shingoni, picha ni ya mbele ya zile sheria za Mobutu ao ya nyuma ya 1990. Akiwa na abacost na beji ya MPR kifuani, iko katikati. Mzee anaweza kusahau mwaka, lakini nguo aliyoishonesha kwa ajili ya picha haisahau hata kidogo.

Halafu vita. Mwezi wa kumi 1996 Uvira ilianguka, na watu wa Fizi wakaanza kuvuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Kigoma. Wengi wetu katika biro hii tulikuwa watoto, tulibebwa ao tulishikwa mkono. Tukiwauliza wazazi walibeba nini, jibu linafanana: sufuria, blanketi, mfuko wa makaratasi. Picha zilichaguliwa usiku, haraka, na hazikuchaguliwa kwa uzuri. Mama mmoja alitueleza kwamba picha yenye mtoto wake wa kwanza amevaa unifomu ya jeshi la Zaïre aliitupa chooni kwa mikono yake, juu ya kuogopa wale watakaomkuta nayo kwenye barieri. Alibakiza moja ambamo huyo kijana ana miaka sita hivi, anashika mbuzi. Mwana hakurudi. Leo hii, mama akitaka kuwaonyesha wajukuu baba yao, anawaonyesha mtoto mdogo kuliko wao.

Vita ya pili ilianza Agosti 1998. Mwisho wa Desemba ile na mwanzo wa Januari 1999 watu wakauawa Makobola. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 ilipanga matukio mabaya 617 katika nchi nzima, kutoka Machi 1993 mpaka Juni 2003, na inafaa isomwe. Lakini katika maalbamu ya nyumbani tuliyoyaona, miaka ile ni tundu tupu. Filmi hazikupatikana, betri hazikupatikana, na mtu mwenye aparei alionekana mpelelezi. Ukurasa mmoja ni ubatizo na keki. Unaofuata ni nyumba ya udongo ndani ya kambi, na watoto wawili wamepungua. Hakuna aliyeandika kitu katikati.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Lugufu 1997. Huko kambini picha ilirudi, na ilirudi kwa ujanja. Siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani, mpiga picha alikuwa anapita na aparei yake, na mbele ya kupiga watu walitundika kitenge ukutani ili mashiti ya plastiki yasionekane. Walikopeshana viatu. Katika picha hizo huwezi kujua kwamba hawa ni wakimbizi, na hiyo njo ilikuwa shabaha. Nyuma ya karatasi waliandika "Ukumbusho", wakamtumia ndugu aliyebaki ng'ambo, kumwambia tuko wazima. Zilivuka ziwa zikiwa zimefungwa ndani ya kaniki ao ndani ya pakiti ya maziwa.

Mwezi wa kumi 2005 meli za UNHCR zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, na bahasha zikarudi pamoja nao. Hapo tulianza kuelewa kwamba picha hizi zinaweza kuwa na kazi ingine.

Familia moja ilikuta uwanja wao unakaliwa na watu wengine. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, na mwenye cheti cha kuandikishwa analindwa. Lakini katika vijiji vyetu nani alikuwa na cheti? Watu walijua mipaka kwa miti na kwa wazee, na wazee wengi walikufa ugenini. Familia ikaleta picha moja, nyeusi na nyeupe. Bibi amekaa kwenye kiti, nyuma yake kuna msingi wa mawe na michikichi mitatu imepangwa mstari. Wazee wa kijiji walienda pale, sisi tuliwafuata kama mashahidi. Mawe yalikuwepo chini ya majani. Mchikichi mmoja ulikuwa unasimama bado, wa pili ulikuwa kisiki, wa tatu tuliupata kwa kuchimba mizizi. Tulidhani mambo yamekwisha.

Kumbe hapana. Yule baba aliyekaa pale hakubishana na picha hata neno moja. Alituongoza mpaka kona ya uwanja, akaonyesha kaburi dogo. Naye alikuwa amekimbia vita kwao, alifika hapa akakuta pori, akalima miaka yote ambayo wengine walikuwa kambini, na hapo alimzika mtoto wake. Yeye hakuwa na picha hata moja, ya kwao wala ya hapa. Kimya kilikuwa kirefu. Wazee walizungumza siku mbili. Mwisho familia iliyorudi ilipata uwanja wake pamoja na msingi, yule baba akapewa kipande cha pembeni penye kaburi na njia ya kupita, na mavuno yaliyokuwa shambani yakabaki yake. Siku ya kutia vidole kwenye karatasi tulipiga picha moja ya familia zote mbili wakisimama kwenye ule mchikichi, tukatoa kopi mbili. Yule baba aliiangalia muda mrefu, akauliza kama anaweza kuongeza ya tatu, ya kuweka kwa mchungaji, sababu nyumba ya udongo inawezaka kuanguka.

Wafadhili wetu, hiyo kopi ya tatu iko ndani ya ule mstari wa bajeti. Kanuni ya chama ni kwamba tukimpiga mtu picha kwa ajili ya ripoti, anapata yake, yenye jina na tarehe nyuma. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa wengi, kadi ya kupigia kura iliyoanza kutolewa 2005 ndiyo karatasi ya pekee yenye sura yao, na tumekutana na wamama ambao ile sura ndogo ni picha yao ya kwanza wakiwa peke yao, bila bwana ao mtoto. Wanataka moja ambamo hawakuambiwa wakae wima wasicheke.

Maneno machache ya kazi, kwa wenye bahasha. Picha za rangi zinageuka nyekundu na kufifia. Ile nyeusi na nyeupe ya bibi inaweza kudumu kupita ya harusi yako. Usiziweke kwenye plastiki iliyofungwa kabisa, maana unyevu unabaki ndani, wala karibu na moshi wa jiko. Zile za zamani za studio zikishikana, musizivute. Zilete. Kuna namna ya kuziloweka katika maji safi mpaka ziachane zenyewe, lakini zinaomba subira, na zile zilizochapwa kwa mashini ya kompyuta hazifai kuguswa na maji. Nyuma andika kwa kalamu ya risasi, pole pole, si kwa biki. Andika majina kuanzia kushoto. Jina la utani pia, sababu mara nyingi njo hilo tu majirani wanakumbuka.

Kila Alhamisi asubuhi kuna meza moja ndani ya biro yetu kwa kazi hii. Sasa hivi iko juu yake picha ya walimu kumi na mmoja mbele ya shule moja ya msingi, wanaume wote katika abacost, mwanamke mmoja tu, amebeba kengele. Majina saba tumeyapata. Wa tatu kutoka kushoto ameshika daftari kifuani na ana kovu juu ya jicho. Yule wa mwisho kulia ni mfupi, amevaa saa mbili. Wawili wa nyuma sura zimeliwa na maji. Anayewajua apite, hata bila kuandikishwa chama.